Kichwa, tumbo, uchovu, moyo

Wiki iliyopita dada mmoja alikuja kibandani kwangu Mbuyuni na kitenge chake, anataka dera pana la kumalizia mimba. Miezi saba. Nikazungusha futi kamba, nikamuuliza kama mafundi tunavyouliza, baba yupo? "Yupo. Ila mwezi ujao anaenda machimboni Mererani, hajui atarudi lini. Nimemwambia sawa."

Nikabaki na chaki mkononi. Ile "sawa" naijua. Mwanamke anaitoa akiwa amegeukia jiko, inatoka fupi, halafu sufuria inatua chini kwa kishindo. Mimi niliisema mwaka mzima. Kama sawa ingekuwa inalipwa, leo ningekuwa na nyumba Shanty Town. (Wageni wa Moshi msidanganywe na jina. Shanty Town ndiko wanakokaa wenye hela.)

Nikamwambia akae kwenye stuli, tukaongea mpaka pasi ikapoa. Niliyomwambia, kuhusu mafundisho ya wenzi wanaosubiri mtoto na yalivyotusaidia mimi na mume wangu, ndiyo haya nayaandika, maana muda haukutosha na mteja mwingine alikuwa anagonga meza.

Mume wangu anaongoza wageni Mlima Kilimanjaro. Tuna neno letu la kazi hiyo tulilolikopa kwa Wazungu, "guide", lakini nikiliandika kama tunavyolitamka, msomaji wa Dar atapiga simu polisi. Alianza kama mgumu, yaani mpagazi, kilo 20 za kampuni kichwani na begi lake mgongoni, akapanda cheo polepole. Yeye ni Mchaga wa Kibosho. Mimi ni Mpare wa Same. Wenye utani wao wacheke kwanza, halafu tuendelee.

Kabla ya ndoa nilifundwa kweli kweli. Kitchen party ilijaa ukumbi, mama zangu wadogo na mashangazi walishika maiki mmoja mmoja: mpokee mzigo mlangoni, usimjibu akiwa amechoka, mume ni mtoto wako wa kwanza. Nilipewa sufuria, beseni, na mwiko mkubwa kama kasia. Mwenzangu aliitwa pembeni na wajomba, akaambiwa awe mvumilivu kwa sababu wanawake ndivyo walivyo. Parokiani tukapata mafundisho ya ndoa, nayo yalikuwa mazuri, siyadharau. Ila ukihesabu saa zote zile, hakuna hata dakika moja ambayo mtu alitukalisha wawili pamoja akatuambia: mtapata mtoto, hamtalala, mtachukiana kidogo, na mtakapofika hapo mfanye hivi.

Mtoto wa kwanza ndiye mume, sawa. Wa pili akizaliwa, wa kwanza anahamia wapi?

Mimba iliingia mwishoni mwa mwaka, msimu ambao mlima una watu. Januari na Februari alipanda safari tatu. Njia ya Machame, siku saba, anashuka, analala, anafua, anapanda tena. Mimi huku Pasua nilikuwa natapika mpaka maji. Siku moja alirudi na vumbi la mlimani hadi kwenye kope, akala, akajitupa kitandani, akaniuliza huku macho yamefumba: "Uko poa?" Nikasema sawa. Akakoroma. Nilikaa jikoni nikalia juu ya makande yaliyoungua, na kesho yake nikamnunia bila kumwambia kosa. Alidhani ni mimba. Kila mtu alidhani ni mimba. Mimba ya Mtanzania inabeba lawama nyingi kuliko mtoto.

Kliniki muuguzi alinifunga kile kitambaa cha presha mkononi akasema imepanda kidogo, "una mawazo?" Nikamjibu sina. Hapa kwetu ukikubali una mawazo, watu wanasikia ndoa imekushinda. Naye alikuwa anauliza huku anaandika kwenye kadi, foleni nje imefika kwenye mti, sikumlaumu. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani linataka mama kijacho aonwe mara nane badala ya mara nne za zamani, na unapimwa vingi: damu, mkojo, kimo cha tumbo, mapigo ya mtoto. Baba wanamtaka hudhurio la kwanza ili mpimwe wote Virusi vya Ukimwi, na mkija wawili mnapitishwa mbele. Kwa hiyo wengine wanamleta mume kama tiketi ya kuruka foleni. Akishapimwa anarudi kijiweni, kazi imekwisha.

Tangazo nililisikia Jumapili moja ya Aprili baada ya misa ya pili. Wanandoa wanaotarajia mtoto, ukumbi wa parokia, Jumapili sita mfululizo, waje wawili, mmoja hapokelewi. Aprili ni masika, mlima hauna wageni, mwenzangu alikuwa nyumbani anakarabati banda la kuku ambalo halikuwa limeharibika. Hakuwa na pa kukimbilia.

Tulikuwa jozi tisa za wenzi, viti vya plastiki, wanaume wote wamekaa karibu na mlango kana kwamba jengo linaweza kushika moto. Mwalimu alikuwa mkunga mstaafu, mama mfupi, kanga begani, sauti ya mtu aliyezoea kusema "sukuma" kwa miaka mingi. Hakuanza na maombi marefu. Aliwapa wanaume kila mmoja kanga iliyoviringishwa kama kichanga na nepi ya kitambaa. Mume wangu alifunga nepi ile kwa fundo la kufungia mizigo ya wageni. Ilikaza kweli, ungeweza kumrusha yule kichanga kutoka kambi ya Barafu kule mlimani asivuliwe. Mkunga akamtazama juu ya miwani. "Baba, mtoto huyu anatakiwa apumue."

Halafu akamuuliza anafanya kazi gani. Akamjibu. Akamuuliza tena, jioni mgeni wako akishaingia hemani, wewe unafanya nini?

Mume wangu akachangamka. Hapo ni kwake. Akaeleza kwamba kila jioni anapita hema kwa hema na karatasi. Kuna maswali yanaitwa Lake Louise, jina la mahali huko Kanada. Kichwa kinauma kiasi gani? Tumbo, unakula, unatapika? Uchovu? Kizunguzungu? Kila swali mgeni anatoa namba, sifuri hakuna kitu, tatu ni mbaya kabisa. Unajumlisha. Kichwa kikiwa kinauma na jumla ikafika tatu, huo ni ugonjwa wa mwinuko, kesho yake hapandi mpaka utulie. Ukizidi, anashushwa, hata kama ni saa nane za usiku, hata kama amelipa dola elfu ngapi.

"Anashushwa kwa sababu amekosea?"

"Hapana, mama. Mwili wake umekataa tu. Hata mwanajeshi anashushwa."

"Na mgeni akikwambia yuko poa?"

"Siamini poa. Nataka namba. Mgeni anadanganya kwa sababu anataka kufika kileleni."

Mkunga akanyamaza kidogo, halafu akaninyooshea kidole mimi. "Na huyu, anayekubebea mtoto, jioni unamuuliza nini?"

Ukumbi mzima ulimgeukia. Mume wangu alitazama ile kanga mikononi mwake. Mimi nilitamani kucheka na nilitamani kulia, nikafanya vyote viwili, nikaazimwa leso na jirani.

Jumapili tano zilizobaki tulijifunza mengi na siwezi kuyaeleza yote. Kuna siku nzima ya hela: vifaa vya kujifungulia, akiba ya gari la usiku, nani anashika laini ya M-Pesa mama akiwa wodini. Tulizungumzia likizo pia, na hapo waajiriwa walikuwa wawili tu kati ya wanaume tisa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mmoja, na baba siku tatu. Tatu! Njia ya Machame hata hujafika Barafu. Sisi wa cherehani na wa mlimani hatuna hata hizo tatu, tukapanga za kwetu: mtoto akizaliwa Agosti, ndani ya msimu, ataacha safari moja, hela ya safari hiyo tuianze kuiweka tangu Mei.

Neno "sawa" lilipigwa marufuku nyumbani kwetu. Nikilisema napigwa faini ya mia tano kwenye kopo la Blue Band. Na tukaambiwa kila mmoja aongee na mama yake mwenyewe. Yaani kukiwa na jambo na mama mkwe, mimi nakaa pembeni, anayezungumza ni mtoto wake wa kumzaa. Jambo hili lilionekana dogo kipindi kile.

Baadaye nilikuja kujua mafundisho kama yale yapo sehemu nyingi. Marekani, wanasaikolojia wanandoa John na Julie Gottman wana ya kwao, na walifikia huko baada ya kuona kwamba karibu theluthi mbili ya wenzi, ndani ya miaka mitatu ya mtoto wa kwanza, raha ya ndoa inashuka. Nilifurahi kuisoma hiyo, Mungu anisamehe. Nilidhani ni sisi tu. Rwanda, majirani zetu kabisa, wana mpango unaitwa Bandebereho, wa kuwakutanisha kwa vikundi vijana wanaotarajia au wanaolea watoto wadogo, pamoja na wake zao. Wakaupima kisawasawa, matokeo yakatoka 2018: kwenye familia zilizopita pale vipigo vilipungua, na wanaume waliongozana zaidi na wake zao kliniki. Mkunga wetu hakutaja hata kimoja kati ya hivi. Yeye alikuwa na kanga na midomo yake.

Karatasi ya mlimani tuliihamishia nyumbani, tukabadilisha swali moja. Kizunguzungu tukakitoa, tukaweka moyo. Kichwa, tumbo, uchovu, moyo. Kila jioni saa mbili, taarifa ya habari ikianza. Mwanzoni niliona aibu, kama mgonjwa anayeigiza. "Moyo?" "Mbili." "Kwa nini mbili?" "Mteja amenirudishia gauni na amenitukana." Basi. Hakunipa suluhisho, alinimenyea viazi. Ukiulizwa namba huwezi kununa, maana kununa hakuna namba. Nami nilianza kumuuliza yeye. Nikagundua mwanaume aliyefika Uhuru, mita 5,895, mara zisizohesabika, moyo wake ulikuwa tatu kila Ijumaa kwa sababu ya kodi ya nyumba, na hakuwa amemwambia binadamu yeyote.

Presha kliniki ilitulia. Sisemi ni karatasi iliyoishusha, nilipunguza na chumvi.

Tumaini letu lilizaliwa Agosti, usiku, kilo tatu na kidogo. Mama mkwe alishuka kutoka Kibosho na mkungu wa ndizi, mafuta, nyama, na blanketi la kwake mwenyewe. Uchagani mzazi analelewa: miezi mitatu kwa desturi ya zamani, unakaa ndani, unakandwa maji ya moto, unakunywa mtori mpaka unang'aa. Sisi tulikubaliana mwezi mmoja. Ule mtori, jamani. Nimekula vyakula, ila bakuli la mtori saa kumi na moja alfajiri, umeketi kwa upande kwa sababu ya nyuzi, mtu amekushikia mtoto, hilo ni jambo lingine. Nilikuwa nasema "aika mae", asante ya Kichaga, na mama anacheka matamshi yangu.

Kama tulivyopanga, safari ya kwanza aliiacha. Ya pili akapanda. Mtoto alikuwa na siku kumi na sita.

Alipokuwa juu, maswali yalikuja kwa meseji pale mtandao uliposhika. Mimi nilijibu tarakimu nne tu. Jioni ya kwanza: 1 0 2 1. Ya pili: 1 1 3 2. Jioni ya tatu nilitoka kuoga nikakuta kikombe na kijiko juu ya meza, na midomo ya mtoto inang'aa maji. Mama alikuwa anamwimbia. "Alikuwa na kiu, mwanangu. Maziwa peke yake hayakati kiu, na yako bado mepesi."

Kliniki walishatuambia miezi sita maziwa ya mama tu, hata maji hapana, maana maziwa yenyewe yana maji ya kutosha. Nilikuwa najua. Lakini sikusikia kiu, nilisikia "yako bado mepesi". Kwa siku kadhaa nilikuwa silali hata mtoto akilala, nakaa nasikiliza kama anapumua. Nilikuwa nalia nikipiga mswaki. Nilikuwa nafikiri mtoto huyu angepata mama mwingine, mwenye maziwa mazito, angenenepa. Nikamwambia mama, "Sawa." Nikaenda chumbani nikaandika: 3 3 3 3.

Meseji ile aliipata asubuhi. Hakunipigia mimi kwanza. Alimpigia mama yake, na nilisikia upande mmoja tu kupitia pazia, "ee… ee baba… sikujua kama ni wewe umekataa… ee." Baadaye ndipo nilipojua alichosema: Mama, kuhusu maji, mimi na mama yake tulikataa pamoja, ukitaka kugomba nigombe mimi nikishuka. Asubuhi ile mama aliingia na mtori, akaweka bakuli, akakaa kwenye kona ya kitanda. Akaniambia mtoto wake wa kwanza alimlea peke yake, mumewe akiwa kazini Tanga, na kwamba hakuna aliyemuuliza kitu. Hatukuongea maji tena.

Kabla ya mchana wifi yangu alifika na yule mkunga nyuma ya bodaboda. Mume wangu alikuwa amepiga simu mbili.

Mkunga alitoa karatasi yake, maswali kumi ya Edinburgh, yanayotumika kumchunguza mzazi tangu 1987. Nayo, nilicheka nilipoona, kila swali ni sifuri hadi tatu. Siku saba zilizopita, umeweza kucheka? Umejilaumu bila sababu? Umekosa usingizi kwa huzuni? La kumi linauliza kama umewahi kufikiria kujidhuru. Nikamjibu hapana kabisa, na ilikuwa kweli, lakini nilishukuru kuna mtu aliyeuliza akinitazama usoni, bila kalamu. Jumla ilikuja 14. Akaniambia kuanzia 13 haachi mtu nyumbani. Karatasi haisemi unaumwa, inasema uonwe. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani, katika nchi kama zetu karibu mzazi mmoja kati ya watano anapata tatizo la akili baada ya kujifungua, zaidi ikiwa ni sonona. Mmoja kati ya watano. Hebu hesabu walio kwenye benchi la chanjo siku ukienda. Sisi tunasema tu "mzazi ana mawazo", tunamwongezea mtori.

Nilikwenda kwa mshauri hospitali mara nne, mama mkwe akinisindikiza na mtoto mgongoni. Mafundisho ya Jumapili hayakunitibu, niseme ukweli huo. Yaliwafundisha watu wa nyumbani kunishusha. Hilo ndilo neno tulilobaki nalo. Nikisema "nishushe", mume wangu anachukua mtoto, haulizi nimekosea nini, mimi nalala. Hata mwanajeshi anashushwa.

Na niseme hili kwa sababu dada wa kitenge aliniuliza. Kati ya jozi zile tisa kulikuwa na mama mmoja ambaye tatizo lake halikuwa la kuongea vizuri. Alikuja Jumapili ya tatu na miwani ya jua ndani ya ukumbi. Mkunga hakumpa zoezi lolote la kuzungumza kwa upole na yule baba. Alimtoa nje, na kesho yake alikwenda naye Dawati la Jinsia na Watoto polisi, na ustawi wa jamii. Ukiwa na mtu wa aina hiyo, usimwandikie namba. Tafuta wa kukutoa pale.

Dada alinisikiliza, akaniuliza kama mwanaume wa machimboni anaweza kukubali mambo ya kuulizana moyo. Nikamwambia mimi sijui machimbo. Nikamuuliza, mkishuka shimoni hamna kitu mnachoulizana kabla? Akafikiri. Akasema mumewe aliwahi kumwambia, kabla ya kuteremka lazima wamuulize aliye chini: hewa ipo?

Nikamkatia dera, nikamwachia nafasi ya kunyonyeshea mbele, vifungo vitatu. Anakuja kulichukua Ijumaa.

Tumaini sasa ana miezi kumi na moja, anatafuna futi kamba yangu. Baba yake yuko juu tangu Jumamosi, kesho anashukia Mweka. Meseji imeingia nikiwa naandika hapa: "Kichwa?" Nimejibu 0 1 2 0. Yake imerudi: 0 0 3 1, na chini yake ameandika, mgeni mmoja anasema yuko poa, simwamini.